Sikitu Amepotea, Amepatikana, Amepotea

Kina mama wenzangu, kabla sijaanza, kila mmoja amshike mwanawe mkono. Mmeshika? Mwangalie na uso, usije ukawa umeshika wa jirani. Haya, tuendelee.

Jina la nchi silitaji. Nina watoto wanne na nyumba yenye mlango mmoja, sina pa kutokea. Nchi yenyewe iko mbali sana na hapo ulipo, ng'ambo ya ng'ambo, na ukiona kitu kimefanana na cha kwenu basi ni macho yako, nenda kapime. Mie nimeishia darasa la saba, na hilo la saba nililirudia, kwa hiyo naandika nilichokiona tu. Kuongeza sijui.

Katika nchi hiyo hakuna redio wala simu. Zilikuwepo, zikaanza kusema mambo ambayo hayakupangwa, zikapumzishwa. Badala yake kuna Swichi. Swichi ni nyumba ya matofali, kila mji una ya kwake, na ina dirisha moja kwa kila barabara inayoutoka mji. Mbiu ikiingia kwa dirisha hili, matarishi wanaipokea, wanawatangazia watu wa mji, kisha wanatoka nayo mbio kwa madirisha mengine yote, isipokuwa lile ililoingilia. Kanuni ndiyo hiyo, haina ya pili. Tarishi haruhusiwi kuuliza mbiu inasema nini wala imeshapita mara ngapi. Mmoja aliwahi kuuliza, sasa anafuga nyuki.

Sasa ukiwa na akili ya mama utajiuliza: je, barabara zikikutana duara, hiyo mbiu si itazunguka mpaka Kiyama? Waliojenga waliliona hilo. Walizipanga barabara kama mti. Katikati Shina, kwenye Shina matawi, kwenye matawi vitawi, na barabara yoyote inayounganisha tawi na tawi ikafungwa mnyororo. Siyo kwamba ni mbovu. Imelala. Siku daraja la kwingine likivunjika ndipo inaamshwa.

Mie nakaa Vumbini. Barabara yetu ya kwenda Kitovuni iko wazi. Majirani zetu wa Topeni nao wanayo ya kwao ya kwenda Kitovuni, wazi. Ile ya kutoka Vumbini kwenda Topeni moja kwa moja ndiyo iliyolala. Na kwa kuwa hakuna kinachopita, ndiyo yenye lami nzuri kuliko zote nchini, nyeusi, laini, inapata moto mpaka unaweza kukaangia yai. Sisi wanawake wa Vumbini tunaanika makopa hapo. Hakuna mahali mhogo unakauka kama juu ya barabara ya serikali isiyofanya kazi.

Na Shina ni nani? Kila Swichi ina namba, na yenye namba ndogo kuliko wenzake ndiyo Shina. Siyo yenye akili, siyo yenye nguvu. Yenye namba ndogo. Topeni ni thelathini na mbili, sisi Vumbini ni arobaini, Kitovuni ni kumi na moja, basi Kitovuni ni Shina. Paa linavuja, matarishi wake wana magoti mabovu, lakini namba ni namba. Na kila muda wa kumenya kitunguu, Kitovuni hutoa salamu, na nchi nzima huipokea na kuisambaza: "Namba kumi na moja. Mimi ndimi Shina. Nipo!" Unamenya cha pili: "Nipo!" Mnacheka? Kwenu hamna mtu wa namna hiyo? Haya.

Tena kuna rangi. Kila mbiu hufungwa utepe, ili watu wa rangi moja wasisikie ya rangi nyingine hata kama zimekuja kwa barabara moja. Zambarau ni ya mawaziri, buluu ya makamishna, nyekundu ya wenye bunduki, na nyingine chungu nzima. Rangi namba moja ni kijivu. Kijivu ni ya watu ambao bado hawajapangiwa rangi: mama, muuza vitumbua, mchoma mkaa, mtoto. Mie na mama yangu na bibi yangu, wote tumo kwenye kijivu tukisubiri kupangiwa.

Hapo mmeshaijua nchi. Sasa mjue na balaa lake.

*

Aliteuliwa Waziri mpya wa Mbiu na Mwendokasi, Mheshimiwa Dakta Machuche, mtu mwenye suti inayong'aa kama mgongo wa mende. Akaja Vumbini kujionea.

"Ndugu wananchi!" akasema. "Nimefika hapa, nimeona nini?"

Tukanyamaza, maana hatukujua ameona nini.

"Nimeona barabara imelala! Nchi inakimbia, barabara inalala! Na juu ya barabara hiyo nimeona nini?"

"Mihogo," akajibu mtu mmoja nyuma.

"Mihogo!" akapiga meza. "Mimi leo, kwa mamlaka niliyopewa, naifungua. Na siyo hii tu. Minyororo yote ya nchi hii, leo hii, ifunguliwe! Hakuna barabara ya daraja la pili katika awamu hii!"

Makofi. Mie sikupiga, mikono ilikuwa na ungo.

Bi Stamili, mkuu wa Swichi yetu, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha mfu, akamsogelea kwa adabu. "Mheshimiwa, utaratibu unasema barabara ikiamshwa, kwanza isikilize, halafu ijifunze, ndipo ianze kupitisha."

"Isikilize?" Waziri akatabasamu kwa huruma. "Bibi, serikali haina muda wa kusikiliza. Na kujifunza tulishamaliza chuoni. Ipitishe!"

"Na makopa yangu, Mheshimiwa?" nikauliza.

"Mama, hayo ni mawazo ya kizamani."

"Siyo mawazo, Mheshimiwa. Ni makopa."

Wakayazoa kwa koleo. Kisha ukaletwa mkasi wa dhahabu wa kukatia mnyororo. Mkasi ukagoma, mnyororo ni chuma. Ikabidi mnyororo ufunguliwe kwanza kwa ufunguo wa Bi Stamili, halafu Waziri akakata hewa, bendi ikapiga, watu wakasukumana kuona hewa iliyokatwa.

Na kwenye kusukumana huko, nikashusha macho. Mkono wangu umeshika upindo wa kanga ya mtu nisiyemjua. Sikitu hayupo.

*

Sikitu ni kitinda mimba wangu. Ana miaka minne, gauni la maua, na pengo la mbele alilolipata kwenye ngazi. Na ana tabia moja: mtu mzima akimuuliza swali lolote anajibu "Nne!" Maana siku zote wakubwa humuuliza umri, akaona kumbe swali la wakubwa ni moja tu. Umekula nini? Nne! Baba yuko wapi? Nne! Kanga hii umeichafua wewe? Nne!

Nilikimbia mpaka Swichi, pumzi juu juu. "Bi Stamili, mtoto! Mtoto!"

"Tulia, Mama Tabu. Sema vizuri."

"Mtoto amepotea. Jina Sikitu, miaka minne, gauni la maua, ana pengo. Atakayemwona amlete Vumbini kwa Mama Tabu."

"Utepe?"

"Bi Stamili, unaniuliza rangi mie? Kijivu!"

Wakafunga utepe wa kijivu, matarishi wakatoka. Dirisha la Kitovuni, puu! Na dirisha jipya la Topeni, puu! Nikaona kweli, huu ndio mwendokasi.

Nikarudi uwanjani nikilia. Nikainua kitambaa cha meza kuu. Sikitu huyo hapo chini, miguu kaipanga vizuri, anakula keki ya Waziri kwa mikono miwili.

"Unafanya nini hapa?"

"Nne!"

Nikambusu, nikampiga kofi la makalio, nikambusu tena, maana mapenzi ya mama hayana mpangilio. Nikambeba mpaka Swichi. "Bi Stamili, amepatikana!"

"Alhamdulillahi." Wakafunga kijivu kingine: "Sikitu wa Vumbini amepatikana." Puu Kitovuni, puu Topeni.

Nikaenda zangu nyumbani kupika ugali, nikijua yamekwisha.

*

Sijamaliza kusonga nikasikia matarishi wa Kitovuni wanaingia: "Mtoto amepotea! Jina Sikitu!" Nikacheka, nikasema hawa magoti yamewachelewesha. Mara wa Topeni wanaingia kwa dirisha la pili: "Mtoto amepotea! Jina Sikitu!" Wa Kitovuni wakaipokea ya Topeni, wa Topeni wakaipokea ya Kitovuni, kila mmoja akatoka mbio kuelekea alikotoka mwenzake. Nyuma yao ikaja "Amepatikana." Nyuma yake "Amepotea."

Barua ina tarehe. Maziwa yana siku ya kuchacha. Hata mtu ana umri. Mbiu haina. Mbiu haichoki, haizeeki, haifi mpaka ikose barabara, na sasa barabara zilikuwa hazikosekani. Kila penye miji mitatu ikawa duara, kila duara likazaa mbiu likaipeleka kwa duara jirani, nayo ikarudi na ndugu zake. Kufika jioni Sikitu alikuwa amepotea katika kila kona ya nchi, amepatikana, amepotea, amepatikana, na mwenyewe amelala kwenye mkeka mdomo wazi.

Asubuhi nafungua mlango, wamejaa watu na watoto wenye mapengo.

"Mama Tabu, huyu hapa Sikitu wako."

"Huyo wa kiume, baba."

"Lakini pengo analo."

Mwingine kaniletea mapacha, nichague. Kikundi cha vijana wa Topeni wameniletea mzee mmoja kibogoyo, wamemvika gauni la maua kwa nguvu, mzee analalamika, "Niacheni jamani, nilikuwa nakwenda kunyoa!" Nikampa chai. Alikaa kwangu mpaka ilipoisha, na gauni akaondoka nalo.

Kule Swichi hali mbaya. Bi Stamili sauti imekwisha, anaongea kama paka aliyekanyagwa. "Mama Tabu," akaniambia, "hakuna kingine kinachopita. Daktari anatoa mbiu ya dawa, inakaa nyuma ya Sikitu. Maiti anatangaziwa mazishi, yuko nyuma ya Sikitu. Hata salamu ya Shina leo sijaisikia."

Hapo Diwani wetu akainua sikio. Maana kanuni iko wazi: usiposikia salamu ya Shina, jihesabu wewe ndiye Shina. Diwani akavaa joho la harusi ya kaka yake, akapanda kiti, akatangaza: "Namba arobaini. Mimi ndimi Shina. Nipo!" Topeni nao, hawajasikia kitu, wakatangaza: "Namba thelathini na mbili. Mimi ndimi Shina. Nipo!" Nchi ikawa na makao makuu kila unapotema mate. Mara salamu moja ya Kitovuni ikapenya katikati ya Sikitu wawili, "Namba kumi na moja, nipo," Diwani akashuka kitini kwa aibu. Ikakatika tena, akapanda. Ikapenya, akashuka. Mpaka mguu wa kiti ukalegea, akaendelea kuwa Shina akiwa chini.

*

Nilicheka, sitaki kuwadanganya. Nilicheka mpaka alipokuja Kamishna Pazi.

Kamishna Pazi ni wa Idara ya Waliopotea. Utepe wa buluu begani, kiatu kinalia. Alikaa sebuleni kwangu, akakataa chai, na mtu anayekataa chai kwangu najua hajaja kwa heri.

"Mama Tabu," akasema, "tumehesabu mbiu zilizopita Kitovuni. Umepotewa na watoto wengi kuliko waliozaliwa nchini mwaka huu. Uzembe wa kiwango hiki haujapata kutokea."

"Baba, nimepotewa na mmoja, tena kwa muda wa keki."

"Kumbukumbu za serikali hazina keki." Akamgeukia Sikitu. "Na huyu ni nani?"

"Nne!" akasema Sikitu.

"Huyu ndiye Sikitu mwenyewe, afande. Yupo. Mguse."

Akamgusa. Akaridhika kwamba yupo. "Basi vizuri, huyu ni aliyepatikana. Lakini bado anatangazwa kupotea. Sheria inasema mtoto aliyepatikana huku anatangazwa kupotea atatunzwa katika Kituo cha Waliopatikana, Kitovuni, mpaka mbiu ya mwisho inayomhusu."

"Na mbiu hiyo ya mwisho itafika lini?" nikauliza.

"Hilo siyo la idara yangu."

"Kamishna, hizi hazina mwisho! Zinazunguka! Utamkalisha mtoto huko mpaka aote ndevu!"

"Ni wa kike," akasema, akaandika. "Ijumaa baada ya swala nitakuja. Nitasimama pale Swichi. Kukiwa kimya, nitasikiliza mbiu ya mwisho ilisema nini, na hiyo ndiyo sheria. Kama bado zinaendelea, namchukua."

Akatoka. Kiatu kikalia mpaka njia panda. Nikamvuta Sikitu mapajani, nikanusa nywele zake zinanuka keki, na kicheko chote kikaniganda tumboni kama ugali wa jana.

*

Serikali haikulala. Mheshimiwa Dakta Machuche alitoa suluhisho: ziletwe Swichi zaidi. Tatizo la mbiu kuwa nyingi ni madirisha kuwa machache. Basi likaja lori kutoka Chuo cha Mbiu, limebeba Swichi ya mbao wanayofundishia wanafunzi. Wakaisimamisha kando ya ile yetu, pamoja na ubao wake wa rangi.

Hapa mama zangu nisikilizeni, maana ndipo nilipojua nchi inaweza kuuawa na mtu asiye na kosa. Kila Swichi ina ubao ukutani, umeandikwa rangi zote zinazotambulika. Kwenye pembe ya ubao kuna namba ya mara ulizorekebishwa. Ubao wa taifa ulikuwa thelathini na moja. Na kanuni ni kwamba ukiona ubao wa jirani una namba kubwa kuliko wako, futa wako, nakili wa jirani. Kusoma siyo lazima. Aliyerekebisha zaidi ndiye anayejua zaidi.

Ubao wa Chuo ulikuwa umechezewa na wanafunzi miaka na miaka. Andika, futa, andika, futa, chora kuku, futa. Namba pembeni ilikuwa elfu tisa na ushei. Na siku ulipoletwa, mwalimu alikuwa ameufuta wote, ukabaki na ile rangi moja isiyofutika kwa namna yoyote, rangi namba moja.

Mchoraji wa ubao wetu wa Vumbini akaona elfu tisa. Akapiga saluti. Akafuta, akanakili. Topeni wakaona elfu tisa, wakafuta. Kitovuni wakaona, wakafuta na machozi ya furaha, wakisema hatimaye tumepata ubao wenye uzoefu. Kabla jua halijazama nchi nzima haikuwa na zambarau, wala buluu, wala nyekundu. Ilikuwa na kijivu.

Waziri alikuja Swichi mbio, suti imekunjamana. "Bibi! Tangaza: Waziri anasema—"

"Utepe, Mheshimiwa?"

"Zambarau!"

Bi Stamili akatazama ubaoni. "Hakuna rangi kama hiyo, Mheshimiwa."

"Mimi ni zambarau!"

"Sijakataa. Lakini hupo."

Akapiga kelele dirishani mpaka mishipa ikamtoka, matarishi wakimpita kushoto na kulia, hakuna hata mmoja aliyemwona. Nikamhurumia, nikamwonyesha foleni ya wanaosubiri kupangiwa rangi. Akasimama nyuma ya muuza vitumbua. Nimesikia bado yupo hapo, na kidogo kidogo amejifunza kukaanga.

Lakini mbiu ya Sikitu je? Sikitu ni kijivu, na kijivu hakikufutika. Iliendelea kama kawaida, tena sasa ina nafasi zaidi.

*

Ijumaa ikafika. Moyo unadunda, lakini mhogo uliolowekwa hausubiri moyo wa mtu, ukichelewa unaoza. Nikatoka na ungo wangu wa makopa, na kwa mazoea miguu ikanipeleka kwenye ile barabara. Nikautua katikati ya lami, nikakaa pembeni nikilia.

Akaja tarishi wa Topeni mbio, kinywa wazi, "Mtoto ame..." Akafunga breki. Vidole vya miguu vikagusa ukingo wa ungo.

"Mama, toa chakula, nipite."

"Pita."

"Siwezi kukanyaga chakula. Nani amekanyaga chakula akalala salama?"

"Zunguka pembeni, mwanangu."

"Kanuni inasema katikati ya barabara." Akafikiri. Kufikiri kulimchosha. Akageuka, akarudi zake Topeni, na mbiu yake ikamfia mdomoni.

Nikaacha kulia. Nikautazama ule ungo. Jamani! Kumbe miaka yote ile hapakufungwa na mnyororo wa serikali. Palifungwa na makopa!

Nikakimbia kwa Bi Stamili kanga mkononi. "Tangaza! 'Wanawake wote! Kila barabara iliyokuwa imelala, anikeni chakula upana mzima!'"

"Utepe?" akauliza kwa ile sauti ya paka, halafu mwenyewe akacheka mpaka akashika ukuta. "Kijivu, ndiyo kilichobaki!"

Mbiu ikatoka. Na kwa kuwa haifi, haikuomba mtu mara moja. Iliingia ikarudi, ikaingia ikarudi. Mwanamke aliyesema "nitaanika kesho" aliisikia mpaka akaamka kwa hasira akaanika. Waliokuwa na mhogo wakaanika mhogo. Wa ziwani wakaanika dagaa. Wa milimani wakaanika maharage, na mmoja, asiye na kitu, akaanika mkate wa chai, kipande kwa kipande, kwa mstari. Kila barabara iliyojaa, matarishi wakasimama ukingoni, wakageuka. Mbiu ile ilikuwa inazunguka huku ikijifungia yenyewe njia ya kuzungukia.

Kelele zikaanza kupungua. "Amepotea" moja. "Amepatikana" moja. Kimya kidogo. Tukasikia kuku. Tulikuwa tumesahau kwamba Vumbini kuna kuku.

Kiatu kikalia. Kamishna Pazi.

"Kamishna," Bi Stamili akamwambia, "buluu haipo tena. Huna idara."

"Amri niliyopewa na idara isiyokuwepo bado ni amri," akajibu, akasimama dirishani, mikono nyuma. Mji mzima umekusanyika. Mie nimemshika Sikitu mpaka mkono umekuwa mweupe.

Kwa mbali, barabara ya Kitovuni, akaonekana tarishi mmoja mzee anachechemea. Nyuma yake hakuna mtu. Ndiye wa mwisho. Nikaomba kimoyomoyo, sema amepatikana, baba, nitakupikia, sema amepatikana.

Akafika. Akashika dirisha, akavuta pumzi.

"Mtoto," akasema, "amepotea. Jina Sikitu."

Kisha kimya.

Kamishna akafunga kitufe cha koti. "Mbiu ya mwisho ndiyo sheria," akasema, akanyoosha mkono kumchukua mwanangu.

Nikatazama mkono wangu. Nimeshika upindo wa kanga.

"Sikitu!" nikapiga ukelele ambao hata Bi Stamili hajawahi kuupiga. "Sikitu, uko wapi?"

"Nipoooo!"

Yuko juu ya kizingiti cha dirisha la Swichi, miguu inaning'inia, anakula kipande cha kopa kibichi. Na Bi Stamili, jamani, mazoea ni ugonjwa: mtu akisema "nipo" dirishani, lazima aulizwe namba. Akauliza hata bila kufikiri:

"Namba?"

"Nne!"

Matarishi hawaruhusiwi kuuliza. Wakachukua, wakatoka mbio kwenye barabara iliyo wazi na kimya: "Namba nne! Nipo!"

Kitovuni wakaipokea. Nne na kumi na moja, ipi ndogo? Wakaitazama, wakatazamana, wakateremsha bendera yao taratibu, wale wazee wa magoti mabovu, na nadhani walifurahi kupumzika. Topeni thelathini na mbili, wakanyamaza. Diwani wetu, arobaini, akavua joho. Barabara zikajipanga upya, mti ukasimama, na Shina lake likawa pale kwenye kizingiti cha dirisha, lina pengo, linatafuna.

Kamishna Pazi aligandisha mkono hewani. Halafu akaugeuza taratibu, akaupeleka kwenye paji la uso, akapiga saluti.

"Sheria ya waliopotea," akasema, "haimhusu Shina. Shina halipotei. Likikosekana, tuliopotea ni sisi."

Chai akainywa siku hiyo, vikombe viwili.

*

Sasa mtasema, Mama Tabu, mbona umeshinda, unatuonya nini?

Nawaonya hivi. Mtoto akipotea, tafuta chini ya meza kwanza. Usitangaze. Mie nilikuwa namuuliza Sikitu "uko wapi?" mara moja moja, kama mama yeyote. Sasa namuuliza kila muda wa kumenya kitunguu. Akijibu "nipo," nchi nzima inapumua. Akinuna, akijaza mdomo, akienda chooni, Topeni wanaanza kusafisha koo. Akisinzia mchana nasema mimi kwa sauti nyembamba, na Bi Stamili anajifanya hajui.

Tena mwezi ujao anatimiza mitano. Wamekuja wakubwa, wakakaa sebuleni, wakaniomba kwa heshima zote asitimize. Mitano bado ni ndogo kuliko kumi na moja, nikawaambia, hofu ya nini? Wakatazamana. Wakaniambia Topeni kuna mama ana mtoto wa miaka miwili, na tangu juzi anamfundisha kusema neno moja.

Mwanamke mwenzangu wa Topeni, kama unaisoma hii, hebu mshike mwanao mkono. Mfundishe kwanza "maziwa."